Mazoezi ya upanga wa Kijapani: jinsi ya kufanya na patna ili yakujenge kweli

Watu wengi wanaojifunza upanga wa Kijapani, hasa upande wa iaido (sanaa ya kuchomoa upanga na kukata), wanakaa miaka wakikata hewa tu. Unachomoa, unakata, unakung'uta upanga, unaurudisha kwenye ala, unaanza tena, na sisemi ni mazoezi mabaya, pale ndo mwili unajifunza kunyooka, mkono wa kushoto unajifunza kazi yake na mabega yanaacha kukakamaa. Shida ni kwamba hewa haibishi. Ukisimama mbali sana inakatika, ukisimama karibu sana inakatika vilevile, ukichelewa hamna wa kukuwahi, na ukikata pembeni ya pale ulipodhani unakata hakuna atakayekwambia. Vitu kama umbali na taimingi vinakuja siku ile tu anaposimama mtu mbele yako, ana upanga wa mbao mkononi na nia ya kukupiga kichwani.

Na hii sio fasheni mpya. Shule za zamani za Japani zilijengwa hivyo tangu mwanzo. Katori Shinto Ryu, inayotokana na Iizasa Ienao wa karne ya 15, kata zake za upanga (kata ni mfululizo wa mapigo uliopangwa tayari) mnazifanya wawili na ni ndefu, mnabadilishana mapigo mengi mfululizo kabla hamjaachana. Shinkage Ryu ya Kamiizumi Nobutsuna, karne ya 16, ndo inatajwa kuanza kutumia upanga wa mwanzi uliopasuliwa ukavishwa ngozi, ili watu wapigane kikweli bila kuvunjana mifupa. Ono-ha Itto-ryu wao anayepokea pigo anavaa glovu kubwa nene zinaitwa onigote, ili mwanafunzi ampige mkononi kwa nguvu bila kujizuia. Alafu karne ya 18 zikaja kofia, glovu na vifua vya kujikinga ambavyo pamoja na shinai, ule upanga wa mwanzi, ndo vilizaa kendo tunayoijua leo, mchezo wa kupigana kwa shinai. Yani angalia watu walivyohangaika kizazi baada ya kizazi, huyu anatengeneza silaha laini, yule anatengeneza glovu, yote hayo ili mtu apate mwenzake wa kumpiga kwa usalama. Wangekuwa wanaamini kukata hewa kunatosha wasingejisumbua hivyo.

Hata iaido yenyewe ina mambo haya, shule ya Muso Jikiden Eishin-ryu kwa mfano ina seti nzima ya watu wawili inaitwa Tachi Uchi no Kurai, ila wengi hawaigusi mpaka wamekaa sana kwa sababu muda wote unaishia kwenye zile kata 12 za shirikisho la kendo la Japani, na zote hizo ni za mtu mmoja. Kwaiyo kama we ni mtu wa iaido na unahisi umefika mahali kata zako ni nzuri kwa macho lakini hazina uhai, soma mpaka mwisho.

Vifaa, kwa ufupi

Unahitaji bokuto, upanga wa mbao, ule wa kawaida una urefu wa karibu sm 102, na mbao nzuri ni mwaloni wa Kijapani, mweupe au mwekundu. Wote wawili mtumie bokuto za uzito unaokaribiana. Kabla ya kila mazoezi pitisha kiganja taratibu kwenye upanga wote kuanzia kwenye tsuba (kile kikingio cha mkono) mpaka kwenye ncha, unatafuta vibanzi na nyufa, na ukikuta ufa hata mdogo kama unywele hiyo bokuto isigongane tena na nyingine, ibaki ya kukata hewa au itupe. Kipande cha mbao kikiruka kinaenda usoni kwa mtu.

Upanga wa chuma usiuingize kwenye mazoezi ya kugongana. Sisemi wenye makali tu, hilo kila mtu analijua, nasema hata ile iaito isiyo na makali. Iaito nyingi ni aloi ya zinki na alumini, imetengenezwa kwa ajili ya kuchomoa na kukata hewa, ikigongwa inaweza kuvunjika na ncha yake bado inatoboa. Watu wanaiona haina makali wanadhani ni salama. Sio salama.

Kama mnataka kugusana kabisa, yani pigo litue mwilini, hapo mnahama kwenye mbao mnaenda kwenye fukuro shinai, ile ya mwanzi iliyovishwa ngozi, au mnavaa bogu kamili (kofia, glovu na vifua vya kujikinga) na kutumia shinai za kendo. Kila kifaa kinafundisha kitu chake. Mbao inakufundisha kuheshimu upanga kwa sababu unajua kabisa ukikosea utaumia, ila inakulazimisha usimamishe pigo. Fukuro shinai na bogu vinakuruhusu umalizie pigo, ila mtu akizoea sana anaanza kutojali kupigwa, anakubali kuguswa ili na yeye aguse, na kwa upanga wa kweli hapo mmekufa wote wawili. Mi naona mtu anayeanza aanzie kwenye mbao na kata, taratibu.

Nani anafanya nini

Kwenye kata za wawili kuna uchidachi na shidachi. Uchidachi ndo anayeshambulia kwanza, na mwisho wa kata ndo anayeshindwa. Shidachi anajibu na anashinda. Mtu mgeni akisikia hivyo anadhani uchidachi ni kazi ya mwanafunzi mdogo, apigwe pigwe huko wakubwa wajifunze. Ni kinyume chake. Uchidachi kwa kawaida ni mkubwa, mwalimu au mtu aliyetangulia, na anapoteza kila mara, kata baada ya kata, ili mdogo wake ajue ushindi sahihi unakaaje mwilini.

Hiki kitu kwangu ndo moyo wa mazoezi yote haya na naomba mtu asikipite haraka. Uchidachi ndo anashika usukani, anaamua lini mnaanza, mnakwenda kwa spidi gani, presha iwe kiasi gani. Akiona shidachi ni mgeni anampa pigo la wazi, la polepole lakini lililonyooka. Akiona shidachi amekomaa anakaza, anakaribia zaidi, anashambulia bila kuonyesha dalili, mpaka yule mdogo anatokwa na jasho ingawa kata ni ileile anayoijua kwa moyo. Uchidachi anampeleka shidachi mpaka ukingoni mwa uwezo wake bila kumsukuma aanguke. Kufanya hivyo inabidi uwe na ujuzi na uwe na upendo kidogo, kwa sababu hupati sifa yoyote, anayeonekana kushinda ni mwingine.

Sasa kama wote wawili ni wageni mfanye zamu, ila atakayekuwa uchidachi akubali majukumu. Yeye ndo aanze kusogea, shidachi amfuate. Yeye ndo asubiri mpaka shidachi amalize kabisa, ndo wote warudi. Na akishapigwa asijilegeze kama mtu aliyemaliza shughuli, abaki macho juu, ncha iko hai, kwa sababu shidachi naye anatakiwa abaki kwenye uangalifu ule unaoitwa zanshin, na hawezi kubaki hapo kama mwenzake ameshaanza kukuna kichwa.

Zoezi la kwanza: umbali

Kabla hamjagusa kata yoyote tumieni mazoezi mengi kwenye hili. Simameni wote chudan, mguu wa kulia mbele, ncha inaelekea koo la mwenzako, ncha zenu zimepishana kidogo tu. Hapo mko kwenye umbali unaoitwa issoku itto no maai: ukipiga hatua moja mbele unafika, akipiga hatua moja nyuma hufiki. Simama hapo utulie, uangalie macho yake lakini pia uone mabega yake, mikono yake na miguu yake yote kwa pamoja kama unavyoangalia kitu cha mbali. Wengi wanakodolea ncha ya upanga wa mwenzao, na ncha ikitikisika kidogo wanashtuka nayo.

Sasa A anyanyue upanga, apige hatua moja, akate kichwa cha B na asimamishe kidogo juu ya nywele. B asisogee. Asifumbe macho. Hapa ndo maajabu yanaanza, manake mtu ambaye amekata hewa maelfu ya mara na anajiamini kabisa utakuta pigo lake linaishia mbele ya pua ya B, au amesogea mno mpaka tsuba yake ndo iko juu ya kichwa cha mwenzake. Upanga unakata kwa zile sentimeta za karibu na ncha, kama zingetua kwingine ujue hujakata. B amwambie ukweli, "hujafika," au "umenikaribia mno," asimwonee aibu. A arekebishe kwa miguu, asirekebishe kwa kurefusha mikono wala kuinamisha mgongo. Mtu akikosa umbali mwili unataka kuiba, unachungulia mbele kwa kidevu au unanyoosha mikono, basi patna ndo kioo chako hapo.

Mkishapata, B aanze kusogea. Anarudi nyuma hatua moja ndogo wakati wowote, anakuja mbele wakati wowote, anaenda pembeni, na A kazi yake ni moja, kurudi kwenye ule umbali wa ncha kupishana kidogo bila kuangalia chini. Hakuna kukata. Dakika chache za zoezi hili zinachosha kuliko mtu anavyodhani kwa sababu kichwa hakipumziki. Kisha rudisheni pigo: B akisogea mbele tu ndo A akate. Akirudi nyuma usikate. Hapo tayari umeanza kujifunza taimingi.

Nenda kwenye kata, anza na ile ya kwanza

Kata nzuri ya kuanzia ni ya kwanza kwenye Nihon Kendo Kata, ule mkusanyiko wa kata 10 uliopangwa na Dai Nippon Butoku Kai, chama cha sanaa za mapigano cha Japani, mwaka 1912, saba za upanga mrefu kwa mrefu na tatu ambazo shidachi anatumia upanga mfupi. Inaonekana rahisi mno, pigo moja na jibu moja, na ndo maana unaweza kuifanya maisha yako yote.

Wote mnanyanyua upanga juu ya kichwa, jodan. Uchidachi mguu wa kushoto uko mbele, shidachi wa kulia. Mnakaribiana hatua tatu. Mkifika kwenye umbali, uchidachi anaona nafasi, anapiga hatua na mguu wa kulia na kukata kichwa moja kwa moja kwa sauti ya "yaa!", na pigo lake linashuka mpaka chini kabisa kwa sababu kweli amekusudia kukata. Shidachi anavuta mwili na mikono nyuma, mguu wa kushoto ukitangulia, upanga wa uchidachi unapita hewani mbele yake, na papohapo anarudi mbele na mguu wa kulia na kukata kichwa, "too!" Kisha anashusha ncha kati ya macho ya uchidachi, uchidachi akianza kurudi nyuma shidachi anapiga hatua na mguu wa kushoto na kurudi jodan, anamwangalia. Mnarudi chudan, mnarudi mahali mlipoanzia.

Basi, kata imeisha. Sasa tuangalie kinachoharibika ndani yake.

Kosa la kwanza kabisa, na nimeliona kila mahali, shidachi anaondoka mapema. Anajua pigo linakuja, kata ameikariri, kwaiyo upanga wa uchidachi ukiwa bado uko juu yeye ameshaanza kurudi nyuma. Kwa macho ya mtazamaji inapendeza. Lakini uchidachi mwenye akili akiona umeshaondoka anakufuata ulipo, anaongeza nusu hatua na anakukata hukohuko. Ukiondoka mapema unampa taarifa. Unatakiwa usubiri mpaka pigo lake limeshakuwa haliwezi kurudi, mwili umeshajitoa, mikono imeshaanza kushuka, ndo utoke. Ni nafasi ndogo sana hiyo na inatisha, na hamna namna ya kuizoea ukiwa peke yako.

Dawa yake ni hii, mnakubaliana kwanza: uchidachi mara nyingine akate, mara nyingine apige hatua tu bila kushusha upanga, asimwambie shidachi ni ipi. Shidachi akiruka kwa hatua tupu wote wataona. Fanyeni polepole sana, kama mpo ndani ya maji, ili ile sekunde ya kusubiri iwe ndefu na uweze kukaa ndani yake. Baada ya muda mtu anaacha kukimbia kata aliyoikariri, anaanza kumjibu mwenzake.

Kosa la pili ni la uchidachi, nalo ni la kumdanganya mwenzake. Anakata pembeni kidogo ya kichwa ili asije akaumiza, au anasimamisha pigo angani mbali, au anakata kuelekea pale ambapo anajua upanga wa shidachi utakuwepo badala ya kuelekea kichwani. Nia yake ni nzuri, hataki kumuumiza mtu. Ila anachomfundisha shidachi ni uongo, manake shidachi atakwepa pigo ambalo hata asingekwepa lisingempata, ataenda nyumbani anaamini anajua kukwepa. Kama unaogopa kumpiga basi punguza spidi, sio kupindisha pigo. Nenda polepole mpaka mahali ambapo unaweza kukata katikati ya paji la uso bila wasiwasi kwa sababu unajua atakuwa na muda wa kutoka, na asipotoka unaweza kusimamisha. Jaribuni hivi: shidachi asimame tu asikwepe, uchidachi akate polepole kama kwenye kata ila asimamishe, na wote muone pigo lingetua wapi. Kama lingepita hewani hata shidachi asingesogea, hapo mmekuwa mnacheza ngoma tu.

Kosa la tatu ni la shidachi kurudi mbele akiwa ameshapoteza umbali. Amekwepa kwa woga, ameruka nyuma hatua nzima kubwa, sasa ili afike inabidi arukie tena, na uchidachi muda huo ameshanyanyua upanga. Kukwepa kunatakiwa kuwe kidogo kiasi kwamba upanga unapita mbele ya nguo yako na wewe bado uko mahali pa kupigia. Ukiweza kuhisi upepo wa bokuto ukipita basi uko sawa.

Vile vitu ambavyo hewa haikupi kabisa

Kuna mbinu ambazo huwezi hata kuzianza bila mtu. Chukua kiriotoshi ya Itto-ryu: wote wawili mnakata moja kwa moja kichwani kwa wakati unaokaribiana, na yule anayeshika mstari wa kati vizuri upanga wake unaushusha upanga wa mwenzake pembeni na kuendelea kutua palepale, kwa mkato uleule mmoja. Huzuii kisha ukakata, unakata tu. Ukiwa peke yako kiriotoshi ni mkato wa kawaida wa kichwa, hamna tofauti yoyote, tofauti inaonekana pale ambapo kuna upanga mwingine unakuja kwenye mstari uleule na mikono yako inataka kukwepa na inabidi usiikubalie.

Vilevile presha. Mnasimama chudan, ncha zimegusana, mmoja anasogeza ncha yake sentimeta moja kwenye mstari wa kati, mwingine anahisi kabisa kifuani kwamba nafasi yake imeibwa. Mkono ukikaza sana unasukumwa kwa urahisi na ukilegea sana unasukumwa pia, na utajua kiasi cha kushika kwa kuguswa tu, sio kwa kuelezwa. Ndo maana mtu aliyefanya mazoezi na patna ukimshika mikono yake kwenye mpini unaikuta hai, kidole kidogo na cha pete vimeshika, vingine vimetulia.

Na pumzi pia. Watu wanapiga kelele za "yaa" na "too" kama mapambo. Fanyeni kata moja kimya kabisa na moja kwa sauti zote, mtasikia wenyewe jinsi sauti inavyofunga tumbo na kumaliza pigo, na jinsi sauti ya uchidachi inavyokutikisa ukiwa hujajiandaa.

Badilisha watu

Usizoee mtu mmoja. Mkikaa na patna mmoja muda mrefu mnaanza kusaidiana bila kujua, unajua atakata lini kwa sababu anavuta pumzi fulani kabla, naye anajua utakwepa upande gani, kata inakuwa tamu na haina kitu ndani. Chukua mrefu, chukua mfupi, chukua mzito anayekuja kama ukuta, chukua yule mwepesi asiyeonyesha chochote. Kwa mtu mrefu utagundua umbali wako wa siku zote ni umbali wake wa kukuua. Kwa mtu mfupi utagundua pigo lako la kichwa lina tabia ya kusimama juu mno. Mashoto nao wanashika kama wengine, mkono wa kulia mbele karibu na tsuba, ila mara nyingi nguvu yao inatoka tofauti, na ni vizuri kukutana nayo.

Chukua mgeni pia, usimkimbie. Mgeni anafanya vitu ambavyo haviko kwenye kata, anachelewa, anawahi, anakata kiajabu, na kama mbinu yako inafanya kazi kwa watu wanaojua tu cha kufanya bado haijakomaa. Hapo lakini we ndo unakuwa mlinzi wa wote wawili.

Usalama

Kinachoumia zaidi ni vidole na vifundo vya mikono. Kwenye kata zenye pigo la mkono, kama ile ya pili kwenye Nihon Kendo Kata, shidachi asimamishe pigo juu ya kifundo na asilitupe. Michomo ya koo au kifua fanyeni polepole zaidi kuliko mapigo mengine yote, kwa sababu mchomo ni mgumu kuusimamisha na unaonekana kwa kuchelewa. Jasho likiingia kwenye mpini futa, bokuto inayoteleza ni hatari kwa chumba kizima. Angalieni nyuma yenu kabla ya kunyanyua upanga, watu wanasahau kwamba bokuto ya mita moja ukiirudisha nyuma inafika kwa jirani. Kubalianeni neno moja la kusimama ambalo mtu yeyote akilisema wote mnashusha ncha palepale, hakuna kumalizia pigo. Na ukichoka sema. Uchovu unaanza kuonekana kwenye kusimamisha pigo, ukiona mapigo yako yanaanza kugusa nywele za watu bila wewe kutaka, hapo ndo pa kupumzika.

Uinamie patna mwanzoni na uinamie mwishoni, na uinamie ukimaanisha. Ile heshima ina kazi yake, inawaweka nyote wawili kwenye hali moja kabla mbao hazijaanza kuruka, na inamkumbusha kila mmoja kwamba mwenzake amemkabidhi kichwa chake. Ukiona mtu anainama haraka haraka huku anaangalia pembeni, mwangalie vizuri na mikono yake kwenye kata ya kwanza, nenda naye polepole.

Ukirudi peke yako

Baada ya mazoezi ya wawili, siku hiyohiyo kama inawezekana, rudi kwenye kata zako za peke yako. Chukua mae, ile ya kwanza ya iaido, umekaa seiza, yani umepiga magoti na kukalia visigino, adui amekaa mbele yako. Zamani yule adui alikuwa kivuli tu. Sasa mpe urefu wa patna uliyekuwa naye, mpe macho yake, mpe ile namna anavyovuta bega kabla ya kuja. Pigo lako la kwanza la kuchomoa likatize kwenye paji lake la uso na sio hewani tu, na la pili lishuke pale ambapo kichwa chake kingekuwa baada ya yeye kurudi nyuma. Utaona miguu yako inaanza kubadilika yenyewe, hatua inakuwa fupi au ndefu kidogo, na spidi ile ya kukimbilia kumaliza inaondoka, kwa sababu unamsubiri mtu.

Kama huna patna kabisa kwa sasa, mahali ulipo hamna, basi weka alama. Funga kitambaa kwenye kamba iliyoning'inia usawa wa kichwa cha mtu, simama kwenye umbali wako, kata na usimamishe kidogo juu ya kitambaa, kisha uangalie ni sehemu gani ya upanga iko juu yake. Chora mstari chini kuonyesha mguu wako unatakiwa kutua wapi, piga bila kuangalia, kisha angalia umetua wapi. Hii inakusaidia upande wa umbali tu. Taimingi haikupi, kwaiyo endelea kutafuta mtu, hata awe wa kendo na wewe ni wa iaido, hata awe hajawahi kushika upanga, mfundishe kukata moja kwa moja kichwani polepole na yeye atakuwa uchidachi wako kwa kuanzia.

Na mkiwa watatu yule wa tatu asikae pembeni kuchezea simu. Asimame ubavuni aangalie miguu ya shidachi tu, kata nzima, ili mkimaliza awaambie mguu wa nyuma uliondoka lini: kabla ya pigo, au pigo likiwa linakuja. Wawili waliomo ndani hawawezi kuona hilo. Akishasema mnabadilishana nafasi, mnaanza tena.